Kuchagua mfumo wa kutolea maji na ovaflo ya bathtabu

Saa mbili asubuhi unafungua koki ya bathtabu, haitoi hata tone. Mgao. Unangoja kidogo, kizibo umeshakiweka, mara simu inaita, unachukua mkoba unaondoka. Koki imebaki wazi. Saa nane mchana maji yanarudi kwa nguvu na nyumbani hakuna mtu. Kuanzia hapo, kinga pekee ya dari la sebule ya chini ni tundu moja dogo lililo juu ya ubavu wa bathtabu. Hiyo ndiyo ovaflo.

Mimi ni fundi bomba, kazi zangu nyingi ziko Dar es Salaam. Mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, ulinipeleka kwenye nyumba moja ya ghorofa Tabata ambako dari la jipsamu lilikuwa limeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe. Mama mwenye nyumba aliniuliza swali la haki kabisa: "Fundi, si kuna kitundu hiki hapa juu? Mbona maji yamemwagika?" Kitundu kilikuwepo, na kifuniko chake cha kromu kiling'aa. Nikafungua ubao wa pembeni, nikamulika na tochi. Nyuma ya kifuniko hapakuwa na bomba lolote. Bomba lenyewe, lile la mikunjo, lilikuwa limelala sakafuni chini ya bathtabu, bado liko ndani ya mfuko wake wa nailoni, halijafunguliwa tangu siku ya ujenzi. Kila tone lililoingia kwenye kile kitundu lilidondokea kwenye zege, likatafuta njia ya kwenda chini.

Kwa hiyo hapa nitaipa ovaflo uzito kuliko kawaida ya miongozo ya namna hii. Tundu la chini ukilikosea utakerwa, bathtabu itatoa maji taratibu. Ovaflo ukiikosea utapaka rangi nyumba upya.

Hatua ya 1: Jua seti nzima ina vitu gani

Watu wengi huenda dukani kuomba "ile ya kutolea maji" wakarudi na kifuniko kinachopendeza tu. Unachonunua ni seti: mdomo wa tundu la chini pamoja na kizibo chake, uso wa ovaflo wa juu, bomba linaloshuka kutoka ovaflo, mwili wa chini ambapo njia hizo mbili zinakutana, washa za mpira, nati, na trapu, yaani kile kipinde kinachobakiza maji ya kuzuia harufu ya karo isipande. Baada ya trapu ndipo bomba la kwenda kwenye chemba linaanza.

Kitu kimoja usikubali kifanywe vinginevyo: bomba la ovaflo liungane na njia ya chini kabla ya trapu. Nimeshakuta mafundi wameliunga baada ya trapu kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Maana yake ni kwamba kile kitundu cha juu kimekuwa dirisha la karo. Harufu inapanda usiku, na mende wanatoka hapo mmoja mmoja. Mwenye nyumba ananunua dawa ya mende kila mwezi, kumbe mlango wao ni ule uso wa kromu.

Hatua ya 2: Pima nguvu ya koki yako kabla hujapenda kitu dukani

Chukua ndoo kubwa ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Fungua koki zote mbili, ya moto na ya baridi, mpaka mwisho. Fanya hivyo tenki la juu likiwa limejaa, na kama una pampu ya kuongeza nguvu, iwe imewashwa. Unatafuta hali mbaya kuliko zote.

Ndoo ikijaa kwa sekunde 60, koki yako inatoa lita 20 kwa dakika. Sekunde 40 ni lita 30. Sekunde 30 ni lita 40, na hapo tayari ni maji mengi sana kwa kitundu chenye matobo membamba kama ya kichujio cha chai.

Seti nzuri huandikwa uwezo wake kwenye boksi, na zile zilizotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya cha EN 274 huwa na namba mbili: ya tundu la chini na ya ovaflo. Zinaandikwa kwa lita kwa sekunde, kwa hiyo zidisha kwa 60. Ukiona 0.6, hiyo ni lita 36 kwa dakika. Ovaflo lazima iizidi koki yako, na mimi hupenda iizidi kwa robo nzima, kwa sababu nywele na utando wa sabuni vitapunguza njia baada ya mwaka mmoja.

Boksi halina namba? Angalia kwa macho. Ondoa uso wa ovaflo uone mlango wa maji wenyewe. Kuna aina zinazopendeza sana, nyembamba kama sarafu, ambazo maji yanaingilia kwenye ufa wa chini usiozidi upana wa penseli. Kwa nyumba ya chini inayotumia maji ya tenki yasiyo na pampu, sawa. Kwa ghorofa yenye pampu, ziache hapo hapo dukani. Na kama huwezi kupata ovaflo inayoizidi koki, punguza koki: funga vali ya chini kidogo mpaka ndoo ichukue muda mrefu zaidi. Bathtabu itachelewa kujaa dakika chache, hakuna hasara.

Hatua ya 3: Pima bathtabu yenyewe

Bathtabu nyingi za akriliki na za bati lililopakwa enameli zinazouzwa kwetu zina matundu ya kama milimita 52, chini na juu. Lakini "nyingi" si "zote", kwa hiyo pima. Andika kwenye karatasi: upana wa tundu la chini, upana wa tundu la juu, umbali kati ya matundu hayo ukifuata ubavu wa nje, unene wa ukuta pale penye kila tundu, na nafasi iliyopo kutoka chini ya bathtabu hadi kwenye zege.

Unene ndio unaosahaulika. Akriliki ni nyembamba, skrubu fupi inatosha. Chuma cha kusubu ni kinene. Na zile bathtabu za kujengewa kwa zege na saruji ya kusuguliwa, kama unazoziona kwenye nyumba za wageni Zanzibar, zinaweza kuwa na ukuta unaozidi upana wa kiganja. Seti ya kawaida haivuki ukuta huo. Kwa bathtabu ya kujengewa, ovaflo hupangwa kabla ya kumwaga zege: bomba la inchi moja na nusu linalazwa ndani ya ukuta tangu mwanzo, likishuka hadi kwenye mwili wa chini. Ukikumbuka baadaye, utatindua. Nimeona wengine wakiacha kabisa, bathtabu haina ovaflo, wakisema mgeni atajiangalia mwenyewe. Kama ni hivyo, sakafu ya bafu iwe na mteremko wa kweli kuelekea tundu la sakafuni, na tundu hilo lisizibwe na mkeka.

Bathtabu ya kusimama peke yake katikati ya chumba nayo ina tabu yake. Haina ubao wa pembeni wa kufungua, na nafasi ya chini ni ndogo. Nyingi huja na ovaflo iliyojengewa ndani ya ukuta wake wa tabaka mbili. Muulize muuzaji, na usiridhike na jibu lake: mwaga jagi la maji kwenye ovaflo uone yanatokea wapi.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kufunga na kufungua

Hapa ladha inaingia, lakini fikiria kwanza nani anaoga humo.

Kizibo cha mpira chenye mnyororo ndicho cha zamani na bado nakiheshimu. Hakina kinachozunguka wala kinachobonyea, kwa hiyo hakina cha kuharibika ila mnyororo kukatika au mtoto kukigeuza mchezo. Kikipotea, unanunua kingine; cha bathtabu za mtindo wa Kiingereza ni inchi moja na robo tatu, cha sinki la kunawia ni kidogo kuliko hicho. Kwa nyumba ya kupangisha ningechagua hiki bila kusita.

Kizibo cha kubonyeza unakigusa kinashuka, unakigusa tena kinapanda. Ndani yake mna springi na kitufe kidogo kinachochoka kwa matumizi. Kinafaa mradi uhakikishe kwamba kinafunguka kwa mkono kutoka juu na kwamba dukani wanauza kile cha ndani peke yake. Hatari yake ni hii: wengi wetu bathtabu tunaitumia kusimama na kuoga kwa bomba la mvua. Unakikanyaga bila kujua, kinaziba, macho yamejaa povu, na maji yanapanda. Nyumba yenye wazee au watoto wadogo isiwe na kizibo hiki kama ovaflo si ya uhakika.

Aina ya tatu ina kishikio cha kuzungusha, ambacho ndicho uso wa ovaflo wenyewe. Ukikizungusha, waya uliopita ndani ya mrija unasukuma kizibo cha chini kiende juu. Ni waya ule ule wa breki ya baiskeli, na unaugua magonjwa yale yale: ukikunjwa sana unakwama, ukiingiwa na kutu unakatika. Kwa mzee asiyeweza kuinama, hakuna kinachoishinda. Mama yangu mzazi nilimfungia hii. Ila ulaze waya kwa mpindo mpana, usiufungie nyuma ya bomba kwa kamba, na usikubali fundi aliyeuona mrefu akaukata. Chini ya kizibo kuna skrubu ya kurekebisha kimo. Kizibo kikipanda kidogo mno maji hutoka kwa kusuasua, na watu hudhani bomba limeziba.

Kuna pia seti ambazo ovaflo ndiyo hiyo hiyo koki: maji ya kujazia yanaingilia kwenye uso wa ovaflo. Zinapendeza, ukuta unabaki safi. Kwa mji wa mgao mimi huwaambia watu wafikiri mara mbili. Maji ya bomba yanapokatika, bomba la nyumba linaweza kuvuta, na mlango wa maji uko jirani kabisa na maji machafu ya kuogea. Bila vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, na vali yenyewe iwe inafanya kazi, usiiweke.

Hatua ya 5: Mali yake iwe ipi

Kwanza onja maji yako. Sehemu nyingi za Dar tunatumia kisima, na kisima cha chumvi hakina huruma na chuma kilichopakwa kromu. Kuna metali nyepesi ya kijivu ambayo ikipakwa kromu huwezi kuitofautisha na shaba njano kwa macho, ishike mkononi. Shaba ni nzito, na ukiitazama kwenye uzi wa nati utaona rangi ya njano. Ile nyepesi, baada ya muda, kromu inavimba malengelenge kama ngozi iliyoungua, halafu nati inabakia mkononi siku unapotaka kuifungua.

Ushauri wangu kwa maji ya chumvi: mwili wa ndani uwe plastiki nzito, na vinavyoonekana tu, yaani uso wa ovaflo, mdomo wa chini na skrubu, viwe vya chuma kisichoshika kutu. Watu hudharau plastiki. Lakini ndani kule gizani plastiki hailiwi na chumvi. Washa ndizo za kukagua kwa makini zaidi: ibonyeze kwa kucha. Ikirudi kwenye umbo lake haraka, ni mpira mzuri. Ikibaki na alama ya ukucha, au ikiwa ngumu kama soli ya kiatu, tafuta nyingine hata kama seti ni mpya.

Hatua ya 6: Trapu na bomba la kwenda chemba

Bomba la inchi moja na nusu ndilo la chini kabisa kwa bathtabu. Ukiwa na safari ndefu, zaidi ya mita tatu hivi, panda hadi inchi mbili. Mteremko uwe kama sentimita mbili kwa kila mita; pima kwa pimamaji, usikadirie kwa jicho.

Trapu ihifadhi maji ya kina cha milimita 50. Kuna trapu bapa zenye maji kidogo sana, zimetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na nafasi. Kwenye bafu la wageni ambalo halitumiki kwa wiki kadhaa, joto letu linakausha hayo maji, na tunarudi kwa mende na harufu. Kama huna budi kuiweka, mwaga jagi la maji kila Jumamosi.

Halafu jambo ambalo limeniletea kazi nyingi za kurudiwa: gundi. Trapu nyingi za kutoka nje ni za plastiki laini laini, zina maandishi PP ubavuni. Gundi ya PVC haishiki PP hata ukimwaga kopo zima. Itaonekana imeshika, itakauka vizuri, na baada ya miezi itaachia yenyewe. Viungo vya PP hufungwa kwa nati na washa basi. Gundi itumike PVC kwa PVC. Na usiamini namba peke yake: bomba lililoandikwa milimita 40 na la inchi moja na nusu ni ndugu, si mapacha. Nenda dukani na kipande cha bomba lako, chomeka kwenye nati ya trapu papo hapo; kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani hapa Dar hakuna atakayekushangaa.

Hatua ya 7: Acha mlango

Kabla ya kupanga marumaru pembeni ya bathtabu, amua ni wapi mkono na tochi vitapita. Kimlango cha sentimita 30 kwa 30, upande wa trapu na ovaflo, kinatosha. Kinaweza kufunikwa na kigae kilichobandikwa kwa sumaku au kwa silikoni kidogo ya pembeni, kisionekane. Fundi marumaru atakwambia kinaharibu mstari wake. Mwache aseme.

Hatua ya 8: Funga, kisha jaribu kwa ukatili

Panga kila kitu kikavu kwanza, bila silikoni, uone kama bomba la ovaflo linafika bila kuvutwa. Likivutwa, siku mtu mzito akikaa ndani bathtabu itashuka kidogo na kiungo kitaachia. Chini ya mdomo wa tundu la chini weka silikoni ya bafuni. Kwenye akriliki usitumie puti ya mafuta, huweza kuila. Washa ya ovaflo ile yenye ubavu mnene na mwembamba ina juu na chini: sehemu nene hukaa chini, kwa kuwa ukuta wa bathtabu umelalia nje kwa juu, ili kiungo cha nyuma kikae wima. Kaza nati kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, acha. Plastiki inayolia imeshakazwa kupita kiasi.

Acha silikoni ikauke usiku mzima. Kesho yake ziba, jaza. Bathtabu ya kawaida ya mita 1.7 inabeba maji kama lita 150 hadi 200 kufikia ovaflo, yaani uzito wa kilo hizo hizo, na ni katika uzito huo ndipo viungo vibaya hujitaja. Maji yakifika ovaflo, usifunge koki. Hapa ndipo mafundi wengi wanapofunga na kuomba hela yao. Ziache koki zote mbili wazi mpaka mwisho, pampu imewashwa, kwa robo saa. Weka alama ya kalamu pale maji yalipo dakika ya tano. Yakizidi kupanda juu ya alama, ovaflo imeshindwa na koki, rudi hatua ya pili. Yakitulia pale pale, umepata.

Wakati huo huo ingiza mkono kwenye kimlango ukiwa na karatasi ya chooni, kavu. Papasa chini ya kila kiungo: nyuma ya ovaflo, nati ya mwili wa chini, nati mbili za trapu. Karatasi inaonyesha tone ambalo kidole kilicholowa hakiwezi kulisikia. Fungua kizibo yatoke yote kwa mkupuo, papasa tena, kwa sababu kuna viungo vinavyovuja maji yakikimbia tu. Mwite mwenye nyumba aje aione karatasi kavu mwenyewe, ndipo urudishe kigae cha kimlango mahali pake.